Somo kwa Wazazi: Kutoka Nje na Mtoto Mdogo



Mwezi huu tuliache kidogo darasa la ndani, tutoke nje. Wazazi kadhaa wa hapa Ihumwa wametuuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, ambaye bado hajaanza shule, afundishwe nini nyumbani? Wengine wamekwisha kununua chati za herufi na kuzibandika ukutani. Chati si mbaya. Lakini twadhani liko somo linalotangulia herufi, nalo halina kitabu. Ni kumshika mtoto mkono, kutoka naye nje ya geti, na kutazama pamoja naye vitu vilivyopo. Tutaeleza jinsi tulivyolikosea somo hili mara ya kwanza, na jinsi tunavyojaribu kulirekebisha sasa, maana mwalimu naye hujifunza kwa makosa, ijapokuwa hapendi kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

ZAMANI HATUKULIHITAJI

Sisi tuliozaliwa katika nyanda hizi za kati karibu na mwaka 1960 hatukumbuki hata siku moja mzazi kututoa nje ili "tukaone" miti au ndege. Tulikuwa nje tayari. Mtoto wa miaka mitano alichunga ndama karibu na boma; wa miaka saba alikwenda mbali zaidi na mbuzi. Mtama na uwele ulipoanza kukomaa tulipanda juu ya dungu tangu alfajiri kuamia ndege, kwa kelele, kwa makopo na kwa kombeo. Kwelea kwelea huja kama wingu, na shamba lililoachwa asubuhi moja laweza kubaki mabua matupu. Kwa hiyo tulijua ndege gani hutua wapi na saa ngapi, si kwa sababu tulipenda elimu ya ndege, bali kwa sababu aliyesinzia juu ya dungu alichapwa.

Maarifa yaliingia pamoja na kazi. Mama hakusema, "Somo letu la leo ni mboga za porini." Alisema, "Kalete mlenda," na aliyeleta majani yasiyoliwa alirudishwa njia nzima kwenda kuleta mengine. Baada ya kurudishwa mara mbili hukosei tena.

Kazi ile imeondoka kwa watoto wetu, wala hatuililii sana. Iliwakosesha wengi shule, hasa wasichana. Lakini ilipoondoka iliondoka na darasa lake, na hatukuweka kitu mahali pake.

Tazameni Ihumwa ya leo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa miaka mingi mji ulitujia polepole kama ng'ombe mwenye kilema. Kisha ukaja mbio. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, jirani zetu, mwezi Aprili 2019. Tuna bandari kavu. Tuna barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112 na ushei. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Hatulalamiki. Tumepata maji, umeme na wateja wa mayai yetu. Lakini kila kiwanja kinachopimwa hufyekwa, kisha huzungushiwa ukuta wa matofali, na mtoto huamka ndani ya ukuta, hupanda gari la shule ndani ya ukuta, hushukia ndani ya ukuta mwingine, na jioni huwekwa mbele ya televisheni. Tunamjua mtoto mmoja wa hapa hapa aliyeweza kutaja simba, twiga, pundamilia na hata dubu wa kwenye barafu, lakini kila ndege aliyepita juu alimwita "kuku".

KOSA LETU

Kifungua mimba wetu alipokuwa na miaka mitano tulikuwa tukifundisha shule ya msingi, na nyumba ya mwalimu ilikuwa kando ya uwanja wa mpira. Jioni moja tulikuwa tukisahihisha madaftari ya darasa la sita, rundo kubwa, na taa ya chemli imekwisha kuwashwa. Mtoto akaja mbio, ameshika kijiti, na juu ya kijiti kinyonga. Alikuwa akitetemeka kwa furaha. Akasema, "Baba, jicho moja linatazama huku na jingine linatazama kule!"

Sisi tulifanya nini? Tulipiga kelele. Tulikiangusha kijiti kwa rula, tukamchapa mkono, tukamwambia kinyonga ana sumu na kwamba mtoto mwenye adabu hachezi na wadudu.

Katika maneno hayo machache tulisema uongo mara mbili, maana kinyonga hana sumu, wala si mdudu. Na muhula ule ule tulikuwa tumefundisha darasani wanyama wenye uti wa mgongo! Mtoto alikuwa ameona kwa macho yake jambo la kweli, kwamba kila jicho la kinyonga hugeuka peke yake, jambo ambalo nusu ya darasa letu la sita wasingeweza kulieleza. Hakulia. Alikwenda kukaa kizingitini. Na tangu siku ile hakutuletea tena kitu mkononi.

Alisoma, akafaulu, ana kazi yake nzuri na watoto wake. Mwaka juzi, akiwa amekuja likizo, tulimkumbusha habari ya kinyonga, tukidhani ameisahau. Akajibu, "Naikumbuka, Baba. Kesho yake nilikwenda kumtafuta, nikamkuta amepondwa kwa mawe." Wanafunzi wetu walikuwa wamesikia mwalimu akisema kwamba yule ni mnyama wa sumu.

Tumelisema hili hadharani kwa sababu twajua si sisi peke yetu. Mtoto mdogo huuliza kwa kuleta. Huleta jiwe, huleta mdudu, huleta jani lenye tundu. Mzazi aliyechoka husema, "Tupa uchafu huo." Akisema hivyo mara tatu au nne mtoto hutii, nasi tunafikiri tumemfundisha usafi.

ANDALIO LA SOMO LILILOSHINDWA

Sasa tumepewa nafasi ya pili. Binti yetu anafanya kazi ofisini Mtumba, huondoka kabla jua halijapanda na kurudi jioni, na mtoto wake wa miaka minne hushinda nasi. Mwaka jana, mwezi Septemba, tuliamua kutoka naye kila asubuhi kabla jua halijawa kali.

Siku ya kwanza tulijitayarisha kama tulivyofundishwa chuoni. Tulikuwa na andalio la somo kichwani. Mada: sehemu za mmea. Madhumuni: kufikia mwisho wa matembezi mtoto aweze kutaja mizizi, shina, matawi na majani. Muda: dakika 40. Tulikusudia kufika korongoni, kama nusu kilomita.

Hatukufika. Baada ya hatua ishirini hivi mtoto alichuchumaa. Sisimizi walikuwa wakiburuta mguu wa panzi. Tukangoja kidogo, tukasema, "Haya, twende tukaone mizizi." Hakusikia. Mguu ule ulikwama kwenye kijiti. Sisimizi wakauvuta huku, wakauvuta kule, mwisho wakauzungusha ukapita. Akapiga makofi. Dakika 40 zikaisha, nasi tulikuwa bado twaliona geti la nyumba yetu. Bibi yake alikuwa akifagia uwanja, ameona yote. Akasema, "Mwalimu, leo umefundishwa wewe."

Mtoto wa umri huo hatembei ili afike mahali. Ukimharakisha, utafika na miguu yake tu. Kwa hiyo tuliacha andalio la somo. Siku hizi tunafuata nyuma. Yeye akisimama, twasimama. Akichuchumaa, twachuchumaa, ijapokuwa magoti yetu hayapendi. Inafaa sana kuchuchumaa. Ukiwa umesimama waona njia. Ukiwa chini waona anachokiona yeye.

MTI ULIOLALA

Njia ya kwenda korongoni inapita kwenye mbuyu mmoja mkubwa. Septemba haukuwa na jani hata moja. Mjukuu akauliza, "Babu, mbona mti umekufa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha humfanya mtu awe kama redio: ukigusa tu, yasema. Lakini tulijizuia, tukamwuliza, "Tutajuaje kama umekufa au umelala?" Akafikiri, akaupiga kofi, akasikiliza kwa sikio. Hakusikia kitu. Kisha tukamwonyesha jambo ambalo kila mzazi aweza kulionyesha: tulikwaruza gome la kitawi kidogo kwa ukucha, kidogo tu, na chini ya ngozi ile ya kijivu palikuwa na rangi ya kijani mbichi. Mbuyu hutumia kijani hicho cha gomeni kujitengenezea chakula kidogo hata wakati hauna majani. Shina lake laini limejaa maji, kama kibuyu kilichojazwa, na kwa kudondosha majani hupunguza maji yanayopotea hewani. Hapa kwetu mvua ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo mti usiojua kubana matumizi haufiki mbali.

Hatukumweleza hayo yote, bali tulisema, "Umelala." Akauliza, "Unaota nini?" Hapo tulisema neno ambalo chuoni hatukufundishwa kulisema mbele ya mwanafunzi: "Hatujui." Alifurahi sana kusikia kwamba Babu hajui. Kila asubuhi baada ya hapo aliutangulia mbuyu mbio ili autazame kama umeamka.

Hiyo ndiyo sababu twasema, chagueni mahali pamoja, mrudi hapo hapo. Wazazi wengi hufikiri lazima wamchukue mtoto mbali, mbugani, kwa gari na kiingilio. Ikiwezekana, ni vema. Lakini safari ya mara moja humwonyesha mtoto kitu, haimwonyeshi kikibadilika. Mjukuu wetu aliuona mbuyu ule ukiwa mtupu miezi miwili na zaidi. Mwisho wa Novemba akaona vichipukizi. Kisha majani, kila jani limegawanyika kama vidole vya mkono. Akaweka mkono wake juu yake kupima. Kisha matumba ya duara yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu.

Ua la mbuyu hufunguka jioni, jua likishazama, nalo huanguka kesho yake. Basi tulimwomba binti yetu, mama wa mtoto, aje nasi siku moja akitoka kazini. Alisita. Alikuwa amechoka, amevaa viatu vya ofisini, na alisema, "Baba, nimekulia hapa, mbuyu naujua." Tukamwuliza kama amewahi kuliona ua lake likifunguka. Hakuwahi. Nasi pia, tukubali, katika miaka sitini na kitu hatukuwahi kusimama chini ya mbuyu saa ile kwa kusudi hilo.

Tulikwenda watu wanne, na mkeka na tochi. Giza lilipoanza kuingia tumba moja la chini lilipasuka, na ngozi zake zikajikunja nyuma. Petali nyeupe zikajitokeza, zimekunjamana kama shati lililotoka sandukuni, kisha zikanyooka pole pole tukiziona. Harufu yake si nzuri, mtoto alibana pua. Baadaye walikuja popo. Popo walao matunda ndio hasa wanaochukua chavua ya mbuyu kutoka ua hadi ua; bila wao ubuyu ungekuwa haba. Mama yake alimpakata, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, na simu yake ililia mara mbili asiishike.

VITU VIDOGO VYA KUTAZAMA

Msomaji asiye na mbuyu karibu asikate tamaa. Hapa kwetu mavi ya ng'ombe hayakosekani, na mvua zikianza wako mende wanaoyakata na kuyaviringisha kuwa donge, wakilisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Mtoto atacheka. Mwache acheke, kisha mwambie atazame njia ya mende yule: huenda moja kwa moja, kama aliyepiga mstari kwa rula. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kwamba baadhi ya mende hao huongozwa usiku na ule ukanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu. Waliwavisha vikofia vidogo vya kuwaziba wasione juu, nao wakapotea njia. Tulipomsimulia mjukuu habari hii alitaka tumshonee mende kofia. Bado twadaiwa.

Mahali penye mchanga laini chini ya ukuta au chini ya mti mtaona vishimo vidogo kama faneli. Ndani yake amejificha mdudu mwenye taya kama koleo, anayengoja sisimizi ateleze. Sisimizi akijaribu kupanda, yule humrushia mchanga kumwangusha. Akikomaa huota mabawa na kufanana na kereng'ende. Watoto wote wa zamani walicheza na vishimo hivi, kwa jani la nyasi. Nao hondohondo wako katika miti yetu: wakati wa kutaga jike huingia katika tundu la mti, tundu likazibwa hata ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo. Akina baba waliosoma habari hii watakuwa wameelewa.

Mkiona kichuguu, msikivunje. Ngojeni kumbikumbi watoke baada ya mvua za mwanzo. Hapo mtoto aone, adake, na mkitaka, ale.

JUU YA MAJINA

Hapa tuna deni la pili. Katika shule tuliyosoma sisi, mtoto aliyesema Kigogo alivikwa kibao shingoni. Tulipokuwa walimu tulikiona kibao hicho ni kitu cha kawaida, tukakitumia. Kiswahili kilituunganisha, nasi hatutaki kukirudisha nyuma. Makala hii yenyewe tunaiandika kwa Kiswahili, na jirani zetu wengi wa sasa wamekuja kutoka kila mkoa. Lakini miti na majani ya nchi hii yalipewa majina na watu walioishi nayo, na majina mengi hayana mwenzake katika kamusi. Mbuyu unalo jina la Kiswahili. Kwa Kigogo ni mpela. Kati ya mimea kumi tuliyookota njiani, mitano tulikosa jina lake la Kiswahili, na ya Kigogo tulikuwa tumeyasahau. Mwalimu mstaafu mzima!

Ilitubidi twende kwa bibi mmoja mzee, jirani yetu, ambaye hakusoma hata darasa moja. Mjukuu alibeba majani kwenye kapu. Bibi aliyataja yote, akanusa mawili, akasema hili hupikwa, hili ni la mbuzi, hili ukila utaharisha. Msomaji wa Mwanzo sura ya 2 atakumbuka kwamba kazi ya Adamu kwa wanyama ilikuwa kuwapa majina. Mtoto akikuuliza jina nawe hulijui, usibuni. Nenda naye kwa mwenye kulijua, upesi, maana wenye kulijua wanatutoka.

TAHADHARI

Binti yetu aliogopa nyoka, na aliogopa kwa haki. Kifutu hulala kimya njiani na rangi yake ni ya udongo na majani makavu. Hakimbii mtu akija, ndiyo maana hukanyagwa. Mtoto avae viatu vilivyofunika vidole, mzazi atangulie penye majani marefu akiwa na fimbo, na mtoto afundishwe mambo mawili tangu siku ya kwanza: haingizi mkono katika tundu lolote, wala hageuzi jiwe au gogo kwa mkono wake. Mzazi hugeuza, kwa fimbo, akilivutia upande wake ili upande wa mtoto ubaki umezibwa, kisha hulirudisha lilivyokuwa. Nge hukaa humo.

Ua la minyaa lililo karibu kila kaya hapa Dodoma lina maziwa makali. Yakiingia jichoni huumiza vibaya. Osha kwa maji mengi safi na umpeleke mtoto kwa mganga hospitalini. Usimwache avunje vijiti vyake kuchezea.

La mwisho, korongo. Wakati wa mvua msicheze ndani ya korongo hata kama mchanga ni mkavu na jua linawaka juu yenu. Mvua inaweza kuwa imenyesha vilimani mbali, na maji hufika ghafla. Hili hatulisemi kwa kusoma vitabuni. Mwenzetu mmoja wa utotoni alichukuliwa hivyo, na mbuzi wawili, na siku ile hapa kwetu haikudondoka tone.

Juu ya nguo kuchafuka hatuna tahadhari. Ziko nguo za kanisani na ziko nguo za kutokea.

MBUYU ULE SASA

Mwezi Machi tulikwenda kama kawaida, tukakuta alama nyekundu ya rangi kwenye shina. Kiwanja kimepata mwenyewe. Tulimtafuta, naye ni mtu muungwana aliyekinunua kwa haki na ana watoto wake. Alituonyesha ramani: msingi wa nyumba unapita pale pale. Alisema ataanza kujenga kiangazi, na kwamba atamwuliza fundi kama nyumba yaweza kusogezwa mita chache. Hakuahidi, wala hatukumshurutisha.

Mjukuu aliuliza ile rangi ni ya nini. Tulishauriana usiku na bibi yake. Yeye alisema tumdanganye kidogo, ni mtoto. Sisi tulikumbuka kinyonga. Tukamweleza kweli, kwamba huenda mti utakatwa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na popo je, watakwenda wapi?" Tukasema hatujui. Safari hii hakufurahi.

Sasa liko jambo moja ambalo familia yoyote yaweza kufanya. Tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wamekuwa wakifundisha wakulima wa mkoa wetu njia wanayoiita Kisiki Hai: miti mingi iliyokatwa haijafa, mizizi yake ingali hai chini. Huchaguliwa machipukizi machache yaliyo imara, mengine yakapogolewa, kisiki kikafungwa kitambaa ili kijulikane, kikalindwa na mbuzi. Mkiwa na kiwanja kilichofyekwa, tafuteni na mtoto kisiki kimoja chenye machipukizi, achague yeye kitambaa. Mtoto atakipima kwa urefu wake mwenyewe kila mwezi.

Nasi tuliokota matunda chini ya mbuyu ule. Ubuyu tuliula, mbegu tukazitunza. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Imwagiwe maji ya moto yaliyoondolewa jikoni, iachwe humo mpaka kesho yake, ndipo ipandwe katika udongo wenye mchanga mwingi, kina cha kidole kimoja. Tulipanda 10 katika makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini. Zimeota 3. Majani yake hayana vidole bado, ni jani zima, nalo litagawanyika baadaye mche ukikua. Mjukuu hakuamini kwamba ni mbuyu. Amelalamika kwa bibi yake kwamba Babu amekosea mbegu. Kila asubuhi huja kuyatazama makopo na kuweka mkono wake juu ya majani, kuangalia kama vidole vimetoka. Kopo moja amesema ni la yule mwenye kiwanja, naye atampelekea mwenyewe nyumba ikiisha.